Ndoo Inayokwenda Nyankunde

Mapendo, mwanangu,

Uko kwa Mama Esteri, upande wa pili wa ua, unasukwa nywele za safari. Nakusikia unavyolalamika anapovuta karibu na sikio, kisha unacheka. Mama Esteri hana haraka, nawe una nywele nyingi kama za koko wako, mama yangu, kwa hiyo nina muda mpaka jua lishuke. Nimeketi juu ya mfuko wa pumba za mahindi ndani ya kibanda cha mapose, hawa mabuu wetu wa mchikichi, karatasi juu ya goti. Katika lopango hili lote, nyumba na ua, ni hapa tu ambapo mama yako hanitafuti.

Mambo ya shuka, sabuni, na marafiki wa kuazima blauzi bila kurudisha, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho asubuhi ataanza tena toka mwanzo. Mimi sina la kuongeza huko. Nataka kukuandikia juu ya hofu, kwa maana katika nyumba hii hakuna kitu nilichokilisha vizuri kama hicho. Hata mapose hawakula hivyo.

Naogopa. Afadhali niliandike mapema, ili lisizunguke katikati ya maneno mengine. Naogopa njia ya kutoka hapa mpaka Marabo, kisha naogopa ile ya kutoka Marabo mpaka Nyankunde. Naogopa pale penye mlima ambapo pikipiki hupunguza mwendo na majani ni marefu pande zote mbili. Naogopa kamba iliyokatizwa barabarani, na mtu nisiyemjua anayekuuliza jina lako na kwenu ni wapi, kwa sababu sijui ni jibu gani linalompendeza.

Jules, kijana wa pikipiki atakayekubeba, nilimwuliza Jumamosi habari za njia. Akasema, "Muzee, njia iko muzuri." Jana nikamwuliza tena. "Iko muzuri tu." Leo asubuhi nikarudi, naye akazima pikipiki kabisa ili anitazame vizuri. "Muzee, ukiuliza tena, itaharibika."

Kuna jambo nililomwambia baada ya hapo, na wewe hulijui. Nilimwomba anibebe na mimi. Nikae nyuma yako mpaka kwenye lango la shule ya wauguzi, kisha nirudi naye. Wewe ulikuwa umeniomba nisifanye hivyo. Ulisema polepole mbele ya mama yako, ukiosha sahani: "Papa, ukifika kule na sura ile, batasema mumeleta mugonjwa, hapana mwanafunzi." Mama yako alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi nikaitika kwa kichwa. Kisha nikaenda kwa Jules. Alisema ataangalia mambo ya mizigo, nimtume Bahati jioni achukue jibu. Ndugu yako ameondoka sasa hivi.

Unajua hofu yangu imetoka wapi, lakini unaijua kwa macho ya mtoto. Asubuhi ile kijijini, watu walipoanza kurudi kutoka sokoni wakikimbia bila viatu, mimi nilitaka tuondoke sote pamoja, mkono kwa mkono. Koko, mama yangu, ndiye aliyekataa. Alisimama mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayegawa chakula. "Kila muzazi na mutoto wake mumoja. Weye na Mapendo mupite huku. Bibi yako na Bahati bapite kule. Nyumba haipite njia moja."

Wengi waliokimbia kabla yetu walikuwa wamefanya vile. Watoto wanagawanywa, ili ubaya ukikuta njia moja, jina la nyumba libaki kwenye njia nyingine. Niliona ni ukatili. Hata leo sijui kama nimeacha kuona hivyo. Lakini hapakuwa na muda wa kubishana na mama yangu, nami sikuwahi kushinda hata nilipokuwa na muda. Alitugawia njia sisi wote, yeye mwenyewe hakujigawia. Alisema ataangalia nyumba. Hatukumwona tena.

Njiani uliniuliza, "Mama iko wapi?" Nikasema, "Iko mbele." Ulitembea kwa nguvu sana kwa sababu ya neno lile. Wakati mwingine ulinipita, nikawa mimi ninayekufuata. Tulipofika Bunia hakuwa mbele. Siku baada ya siku nilizunguka penye mahema ya waliokimbia, nikiangalia miguu ya wanawake, kwa maana ndala za mama yako moja ilikuwa ya kijani na nyingine nyeusi. Kisha simu ikalia, namba ya mtu nisiyemjua, na ndani yake sauti ya mama yako: "Tuko salama. Usiwaze."

Usiku ule nililala kama jiwe. Alipofika hatimaye, Bahati mgongoni, ndipo nilipojua kwamba saa ile aliponipigia simu walikuwa wamejificha katika shamba la mihogo la watu, mtoto anawaka homa, na simu wameiazima kwa mwanamke aliyekuwa anajificha pamoja nao. Nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Akaniangalia kwa huruma. "Ulitaka niseme nini? Ukweli, weye ungeufanyia nini?"

Hapo nilijifunza mambo mawili, na yote mawili nilijifunza vibaya. Kwanza, kwamba neno "salama" likisemwa kwenye simu halina uzito wowote. Pili, kwamba nyumba yangu haitagawanyika tena, hata kwa siku moja. Ndiyo sababu ya viatu. Umewahi kunikuta jioni nimeinama mlangoni ninaangalia viatu, ukafikiri natafuta vyangu. Nilikuwa naangalia kama vyenu vyote vimeingia.

Sasa nikumbuke ulivyokuja na wadudu.

Kule kijijini hatukuwafuga. Mtu alikata mchikichi uliozeeka akauacha porini, mbawakawa wakaja wenyewe kutaga ndani yake. Baada ya majuma kadhaa alirudi, akapiga magoti, akaweka sikio juu ya gogo. Mlio ukiwa mwembamba, alingoja. Ukiwa mnene, kama watu wengi wanaotafuna muwa, alileta shoka. Ndivyo tulivyokula mapose sote, tangu babu zetu. Hapa mjini hatuna pori wala mchikichi wetu wenyewe. Shangazi yako Rebeka alipotuletea kutoka Marabo kipande cha gogo chenye mabuu ndani, mama yako aliweka kikaango motoni saa ile ile. Nawe, mwenye miaka kumi na miwili, ukachukua wachache walionona kuliko wote, ukawaficha ndani ya ndoo ya zamani ya rangi.

Nilikukemea. Nilifikiri unawaonea huruma. Ulijibu, "Hapana, Papa. Nataka kuona namna banakuwa."

Tukaona pamoja. Ulinifundisha kuona, niseme kweli, ingawa mimi ndiye niliyekuwa na diploma ya sekondari na daftari. Uliwakatia moyo wa mchikichi wa sokoni vipande vidogo, ukachanganya na pumba, ukanyunyiza maji kwa vidole. Niliandika kila jambo, kila mara na tarehe yake: leo wamekula, leo wamenona, leo mmoja ameacha kula na anatembea ukingoni kama mtu anayetafuta kiwanja. Tulimpa kikombe chake na nyuzi za gogo. Akazisokota akajizungushia mpaka akapotea ndani, kama mtu aliyejifungia katika kikapu cha kamba. Tulingoja mpaka nikasema amekufa. Ulikishika kifuko kile, ukakitikisa kidogo sana karibu na sikio langu. Kitu kiligonga ndani. Siku chache baadaye alitoka mbawakawa mweusi, mkubwa kuliko kidole gumba changu, ana mstari mwekundu na mdomo mrefu uliopinda, na juu ya mdomo ndevu. Ukasema, "Ni mwanaume, anafanana na Papa," ukampa jina la Papa Ndevu. Mpaka leo kila dume katika kibanda hiki anaitwa hivyo.

Wakati ule tulilala sote chumba kimoja na ndoo zililala pamoja nasi. Jioni moja mvua ilikuwa imekatika, taa haijawashwa, nikasikia mtu anatembea juu ya majani makavu nyuma ya ukuta. Hatua, kisha kimya, kisha hatua. Niliwalaza wewe na Bahati chini ya kitanda. Nilichukua panga. Nilisimama nyuma ya mlango na jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Mama yako hakulala chini. Alipita katikati ya chumba, akainama, akaweka sikio kwenye ndoo yako ya rangi, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba Mapendo, kuja usikie adui zako. Biko binakula."

Mlicheka ninyi watatu. Nami nilicheka, lakini panga sikuliweka chini mpaka chakula kilipoiva. Na hata baada ya kujua ni nini, nilianza kuamka kila usiku ili nisikilize. Kama wanatafuna, nilijua dunia iko mahali pake. Kama kimya, moyo ulinipanda. Hivyo ndivyo nilivyo, Mapendo. Napewa kitu cha kufurahia, nakigeuza kuwa kitu cha kulinda.

Makosa yangu ya kazi hii unayajua, maana uliyaona yote. La kwanza lilikuwa la tamaa tu. Niliuza wakubwa na kubakiza wadogo wawe mbegu. Waliofuata wakawa wembamba, waliofuata tena wakawa kama funza wa maharagwe. Mama yako alipita na beseni lake la nguo, akasema bila kusimama, "Unauza baba na mama, unafuga yatima." Tangu hapo wale walionona sana hatuwauzi. Ndio tunaowatenga.

La pili sikuwahi kulizungumza nawe. Ni wakati ule milio ya bunduki ilipokaribia kartie yetu, huku mtaani, watu wakaanza kufunga mizigo tena. Ndoo zilikuwa nyingi kufikia hapo, zimepangwa vizuri, wadogo kwao na wakubwa kwao, na wenye kusokota kila mmoja na kikombe chake. Nikazitazama ndoo zile nikawaza: tukikimbia, nitabeba ipi niache ipi? Nikaona nimepata akili. Nilileta pipa moja lenye mpini, nikamimina wote ndani. Wadogo, wakubwa, na walioanza kusokota nikawachana nyuzi zao. Nikaweka na gogo la kutosha juu, nikafunga kifuniko, nikaliweka kando ya kitanda. Wote mahali pamoja. Ningeweza kulinyakua kwa mkono mmoja huku mwingine umewashika ninyi. Nililala vizuri, nikijiona baba mwema.

Vita havikufika kwetu. Milio ilirudi mbali, watu wakafungua mizigo. Nilipofungua pipa harufu ilinisukuma nyuma. Waliotafuna walikuwa wametafuna wenzao. Walioanza kusokota hawakuwa na nafasi ya kujifunga, walilala juu ya wengine, weusi. Kati ya wote palikuwa na wachache waliotambaa bado, nao walikuwa na majeraha. Katika daftari nimeandika tarehe na neno moja: wamekwisha.

Ulikuja ukasimama kando yangu. Hukulia. Ulitazama ndani, ukasema, "Papa, haba habakufa na masasi ya bunduki."

Nilikwenda kuosha pipa. Nimeliosha neno lile pia mara nyingi, halitoki.

Ungedhani mtu angejifunza. Nilijifunza nusu. Nilirudisha ndoo, kila umri na ndoo yake, nikarudi kwenye utaratibu. Lakini zote zilikaa hapa, katika kibanda hiki, na ufunguo niliuvaa shingoni. Muzee Samweli jirani yetu alinicheka kwa sababu ya ufunguo ule. Unakumbuka siku uliposahau kifuniko, dume mmoja akaruka mpaka kwenye taa yake? Alikuja asubuhi amemfunga uzi mguuni, anamwongoza hewani. "Jirani, ng'ombe yenu iliingia kwangu. Na kama ngazi yangu ile moja ikikufa, nitamuchinja." Mchikichi wake, ndiyo ngazi aliyoisema, bado unasimama, lakini kila akikutana nami huuliza hali ya zizi.

Halafu siafu. Mvua ile kubwa, asubuhi, ukuta wa kibanda ulikuwa kama unatembea. Waliingia katika kila ndoo kupitia matundu tuliyoyatoboa wenyewe ili wadudu wapumue. Majivu, maji ya moto, hakuna kilichosaidia. Kabla ya saa ya kwenda kazini hapakubaki kitu chochote kilicho hai humu ndani isipokuwa mimi, nami nilikuwa nimeumwa mpaka kwenye kope. Niliketi juu ya mfuko huu huu. Niliona miaka yote imekwisha: ada zenu, nguo, na yale matunzo niliyokuwa nimewapa wadudu usiku baada ya usiku.

Ulisema, "Papa, kwa Shangazi Rebeka biko."

Nikauliza viko nini. Ukakiri. Ulikuwa umempelekea ndoo ya jozi kadhaa, muda mrefu uliopita, siku ya harusi ya binti yake, umeificha chini ya matunda. Naye alikuwa anawalisha. Jambo la kwanza nililohisi, Mapendo, halikuwa shukrani. Nilikasirika. Niliuliza ni nani aliyekupa ruhusa ya kutoa vitu nje ya nyumba yangu. Ulikuwa na hofu, lakini ulijibu. "Papa, weye njo ulisema haba ni mbegu. Nani anaweka mbegu yote mu nyumba moja?"

Mama yako alikuwa mlangoni. Alisema tu, "Umesikia mama yako anaongea?" Alimaanisha koko. Nami nilikuwa nimekwisha kusikia. Uliposema, mikono yako ilikuwa imenyooka mbele, miwili, kama mtu anayegawa chakula.

Wote tulio nao leo ni wajukuu wa ndoo ya Marabo.

Na hata baada ya hapo, mwaka jana ulipopata nafasi Nyankunde, nilisema njia ni mbaya. Majuma yale njia haikuwa mbaya. Nilikuwa nimemwuliza Jules, naye aliniambia iko muzuri, nami nikaja nyumbani nikawaambia nimesikia habari zisizo nzuri. Sikutaja ni nani aliyezisema kwa sababu hakuna aliyezisema. Nafasi yako ikaenda kwa mwingine. Hukunung'unika. Uliuza mapose sokoni mwaka mzima, ukajifunza kuwachoma na pilipili wasinywee, na kila jioni viatu vyako vilikuwa mlangoni. Niliviangalia na sikufurahi. Vilikuwa kama vya mgeni anayengoja mvua ipungue.

Ningependa kukuandikia kwamba sasa hofu imekwisha. Haikuisha. Nikiwaza kesho, nainuka; nimekwisha kwenda mlangoni mara mbili kuangalia viatu tangu nianze karatasi hii. Kitu nilichojifunza ni kidogo sana. Nimejifunza kwamba hofu haiongopi juu ya hatari. Bunduki zilikuwepo kweli, siafu walikuwepo kweli, kamba ile barabarani inaweza kuwepo. Lakini hofu ikishika kazi mkononi, inafanya kazi mbovu. Inakusanya. Inafunga kifuniko. Inaita ule ukimya wa ndani amani.

Kuna siku utaogopa kule, na sitakuwepo. Labda usiku wa zamu yako ya kwanza, na mgonjwa anakutazama kama mimi ninavyomtazama Jules. Usijilaumu kwa kutetemeka. Mama yako alipita katikati ya chumba akaweka sikio kwenye ndoo, nami nafikiri alikuwa anatetemeka kama mimi. Sijawahi kumwuliza. Labda wewe umwulize, atakujibu.

Nimekatiza kuandika hapa, Bahati amerudi. Amekimbia, hana pumzi, na anacheka peke yake.

"Papa, Jules anasema: ao muzee, ao ndoo."

Nikamwambia aeleze vizuri.

"Anasema kuko godoro, kuko valizi, kuko Yaya Mapendo, na kuko ile ndoo ya bududu. Kama weye unapanda, ndoo inabakia. Kama ndoo inapanda, weye unabakia. Byote bibili, hapana. Anasema uchague, na umuambie sasa, juu anataka kwenda kulala."

"Na ndoo ikipita kwa nafasi ya mutu, haitaanguka?"

"Nilimuuliza vile. Anasema ndoo haisumbue. Haiulize njia iko namna gani."

Nimemtuma Bahati akanywe maji kwanza. Anakunywa sasa, namsikia, na amekwisha kumwambia mama yako, maana nasikia na yeye anacheka. Nina muda wa kikombe kimoja cha maji.

Ndoo yenyewe iko mbele yangu. Niliiandaa jana ukiwa sokoni. Nimechagua jozi za mbawakawa zilizo nzuri kuliko zote, wale ambao walipokuwa mabuu wanunuzi sokoni wangetaka kuwanyakua. Kifuniko nimekiwekea wavu wa chuma kwa sababu wa kitambaa wanaukata. Ndani kuna ndizi iliyoiva na moyo wa mchikichi uliokatwa leo. Ulisema unataka kuwafuga nyuma ya bweni ili usituombe kila kitu, na mama mlezi wa bweni amekubali mradi wasiingie jikoni. Nilikubali ndoo upesi kuliko nilivyokukubali wewe. Somo la ndoo nilikuwa nimekwisha kujifunza.

Bahati amerudi, anafuta mdomo. "Nimuambie nini?"

Nimemwambia: ndoo.

Ameniangalia kidogo, kuona kama nitabadilisha. Kisha ameondoka mbio kabla sijabadilisha. Ni mtoto mwenye akili.

Basi kesho nitakuaga hapa langoni. Sitafika kituoni. Sura yangu utaiacha nyumbani kama ulivyotaka. Ukipita Marabo, Shangazi Rebeka atakuwa kando ya barabara, mpungie mkono tu, msisimame muda mrefu.

Nina ombi moja. Ukifika, piga simu uongee na mama yako, si mimi. Ukiniambia uko salama nitakuuliza tena, na tena, mpaka uanze kunidanganya kwa huruma, kama yeye alivyofanya. Baada ya simu ile sitapiga kila saa. Najua mbawakawa wazima hawana mlio kama mabuu. Watakula, watataga, na ndoo itakuwa kimya kwa majuma kadhaa. Ukiweka sikio hutasikia kitu, na ni sawasawa, ndivyo inavyokuwa. Nitakaa na ukimya ule huku, nawe kaa nao huko. Kwangu itakuwa kazi ngumu, lakini ni zamu yangu.

Kisha siku moja utapita karibu na ndoo utasikia mtu anatembea juu ya majani makavu. Siku hiyo nipigie mimi. Usiseme kitu. Weka simu juu ya kifuniko, uniache nisikilize.

Nasikia Mama Esteri anakuambia simama, amemaliza. Unakuja. Naficha karatasi hii katikati ya kanga zako, upande wa chini, ambako hutafika mpaka utandike kitanda chako kule.

Baba yako, anayebakia na ndoo nyingine